KAZI ZA MIKONO NYUMBANI: Kutengeneza Mkoba wa Ngozi wa Mtumba

Mkoba mzuri wa ngozi ni mali ya kudumu. Mama akiutunza huutumia miaka mingi, na baadaye binti yake huuchukua ukiwa bado wafaa. Walakini katika masoko ya Migori, Rongo, Awendo, Oyugis na Homa Bay twaona kila siku mikoba ya ngozi imelundikwa juu ya turubai, mingine imepauka, mingine imeota ukungu, mingine imekatika mkono, na bei yake imeshuka hata haifiki thamani ya ngozi yenyewe. Wanunuzi wengi huipita. Wengine huinunua kwa pupa, kisha hufika nyumbani wakakuta si ngozi hata kidogo.

Somo hili lataka kumfundisha msomaji mambo matatu. Kwanza, kuitambua ngozi ya kweli kabla hajatoa fedha yake. Pili, kuutengeneza mkoba kwa vyombo vichache vinavyopatikana karibu. Tatu, kuujua mkoba usiotengenezeka, asije akapoteza fedha na jasho lake bure. Mume au mke, kijana au mzee, kila mwenye mikono na subira aweza kuifanya kazi hii.

MIKOBA HII YATOKA WAPI

Biashara ya mitumba ilienea sana katika Kenya baada ya milango ya biashara kufunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mizigo hushuka katika bandari ya Mombasa, ikapelekwa Kongowea na Gikomba ya Nairobi, na kutoka huko hugawanywa katika masoko kama Kibuye ya Kisumu, hata ikafika Homa Bay kwenye pwani ya ziwa, na Migori iliyo kando ya barabara kuu iendayo Isebania mpakani. Mwaka 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Serikali ilikataza mitumba isiingizwe tangu mwezi wa Machi, kisha ikaruhusu tena mwezi wa Agosti. Wauzaji wengi walipata shida wakati ule, na wale waliojua kutengeneza mali waliyokuwa nayo walikuwa na kitu cha kuuza.

Jambo jingine limeongeza haja ya mikoba. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku katika nchi nzima. Tangu siku hiyo mtu aendaye sokoni hana budi kuwa na mfuko, kikapu au mkoba wake.

Yafaa msomaji akumbuke safari ya mkoba wa mtumba. Umetumiwa na mtu mwingine katika nchi ya mbali, ukabanwa katika robota pamoja na vitu vingi, ukasafiri baharini katika kasha la chuma lenye joto na unyevu, kisha ukakaa ghalani. Ndiyo sababu mkoba huweza kufika umekauka, umekunjamana, au umeota ukungu, hata kama mwenyewe wa kwanza aliutunza vizuri.

NGOZI NI KITU GANI

Watu wa pande hizi si wageni wa ngozi. Wazee wetu walifanya ngao, ngoma na vitu vya kulalia kwa ngozi. Lakini ngozi iliyokaushwa tu juani ni ngumu, na ikilowa huoza. Ngozi ya mkoba imedabighiwa, maana yake imetiwa dawa ili isioze, ibaki laini.

Njia za kudabighi zilizo kubwa ni mbili. Ya kwanza ni ya dawa za miti. Hapa Kenya magamba ya miti ya miwati, iliyopandwa kwa wingi katika nyanda za juu wakati wa ukoloni, yalitumika kwa kazi hii, na magamba ya mikoko ya Lamu yalisafirishwa ng'ambo kwa kazi hiyo hiyo. Ngozi ya namna hii huwa na rangi ya udongo, nayo hubadilika rangi ikiguswa na maji au jua. Njia ya pili ni ya chumvi za madini ya kromu, iliyoanza kuenea mwishoni mwa karne ya 19. Hii ni ya haraka, na ngozi yake ni laini na huvumilia maji zaidi. Mikoba mingi ya siku hizi ni ya kromu. Katika Kisumu wako hata waliojifunza kudabighi ngozi za samaki aina ya mbuta, ambazo zamani zilitupwa na wenye viwanda.

Ndani ya ngozi mna nyuzi nyembamba zisizohesabika, zilizofumana kama majani ya paa. Kati ya nyuzi hizo mna mafuta yaliyotiwa na mdabighi. Mafuta yakiwapo, nyuzi huteleza, na ngozi hujikunja bila kuvunjika. Mafuta yakitoka kwa jua, kwa sabuni kali au kwa miaka, nyuzi hukwaruzana, zikakatika moja moja. Ndipo ngozi hupasuka. Jambo la pili la kujua ni kwamba ngozi ina asidi kidogo ndani yake. Kwa hiyo vitu vilivyo kinyume cha asidi, kama magadi, sabuni kali ya kufulia, na dawa ya kung'arisha nguo kama Jik, huidhuru. Mwenye kuyaelewa mambo haya mawili ameelewa sababu za karibu yote yatakayofuata.

KUITAMBUA NGOZI YA KWELI

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, basi tutasimama kidogo.

Mikoba mingi sokoni imefanywa kwa kitambaa kilichopakwa plastiki juu, na plastiki hiyo hupigwa chapa ifanane na ngozi. Ikiwa mipya hupendeza sana. Lakini plastiki ya namna hiyo huharibiwa na unyevu wa hewa wenyewe, hata mkoba ukikaa kabatini bila kutumiwa. Baada ya miaka michache huanza kunata, kisha hubambuka vipande vipande kama ngozi ya mgonjwa wa tetekuwanga. Hapana mafuta, gundi wala rangi iwezayo kuuponya mkoba huo. Iko pia namna ya tatu: vumbi la ngozi lililosagwa na kushikamanishwa kwa gundi. Muuzaji aweza kusema kweli kwamba mna ngozi ndani yake, lakini nguvu ya ngozi haimo, kwa kuwa nyuzi zimekwisha kukatwakatwa.

Ukiwa sokoni, uchunguze mkoba hivi:

1. Tafuta mahali palipokatwa, kama vile ncha ya ukanda au chini ya zipu. Ngozi ya kweli huonyesha nyuzi kama manyoya mafupi. Plastiki huonyesha tabaka mbili, utando juu na kitambaa chini.

2. Tazama vitundu vya vinyweleo. Katika ngozi havikupangwa kwa mstari, tena huwa vingi hapa na vichache pale. Katika plastiki chapa hurudiwa ile ile kutoka mwisho hadi mwisho.

3. Bonyeza kwa kidole gumba. Ngozi hukunjamana kidogo kuzunguka kidole kama ngozi ya mkono wako. Plastiki huzama tu, kisha huinuka.

4. Nusa ndani ya mfuko mdogo. Ngozi ina harufu yake, na plastiki ina yake. Lakini usiamini pua peke yake, maana harufu ya ukungu hufunika nyingine zote.

5. Kunja mahali pa pembeni polepole. Ukisikia mlio wa kuvunjika, au ukiona unga mwekundu kwenye vidole, uache mkoba huo. Unga ule ni dalili kwamba nyuzi za ngozi zimeoza, na kilichooza hakirudi kuwa kizima.

Usiwashe kiberiti sokoni ili ujaribu mali ya mtu, kama wengine wafanyavyo. Ni hatari, tena ni ukosefu wa adabu. Nyumbani, ukitaka kuhakikisha, kata unyuzi mdogo kutoka mahali pasipoonekana, uuchome mbali na vitu vingine. Ngozi hunuka kama nywele zilizoungua, ikaacha majivu. Plastiki huyeyuka na kuwa tone gumu.

VYOMBO VINAVYOHITAJIWA

Havizidi hivi: burashi laini, vitambaa vyeupe vya pamba, sindano mbili nene zisizo na ncha kali, sindano ya kutobolea yenye mpini, ile watumiayo mafundi wa viatu, uzi wenye nguvu, kipande cha nta ya nyuki, koleo ndogo, gundi ya viatu, na wembe au kisu kikali. Kwa uzi, wakazi wa Homa Bay, Mbita na Kendu Bay wana bahati, kwa kuwa uzi mwembamba wa nailoni wa kushonea nyavu wapatikana kila duka la wavuvi, nao hauozi kwa maji. Ukiupitisha juu ya nta mara tatu, hushika vizuri.

KUSAFISHA

Kwanza futa mifuko yote. Kung'uta, kisha geuza bitana nje, ukiangalia sana, maana ndani ya mkoba wa mtumba mwaweza kuwa na pini, sindano au wembe. Ondoa vumbi kwa burashi kabla ya kutia maji, kwani vumbi likilowa huwa tope na huingia katika vitundu.

Kisha dondosha tone moja la maji mahali palipofichika. Tone likikaa juu kama juu ya jani la yugwa, ngozi hiyo ina utando wa kuikinga. Ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo katika maji yenye sabuni laini ya kuogea mtoto, kisha kwa kitambaa cha maji matupu, kisha kwa kikavu. Tone likinywewa mara moja na kuacha doa jeusi, ngozi hiyo haina utando. Usiitie maji mahali pamoja tu. Ifute kwa kitambaa kikavu, au ukilazimika, kwa unyevu mdogo sana ulioenezwa sawasawa upande mzima kutoka mshono hadi mshono, la sivyo itabaki na mabaka.

Doa la mafuta lisilo la zamani linyunyizie unga laini wa muhogo au poda ya watoto, uliache usiku kucha, asubuhi ulipanguse. Fanya hivyo mara mbili au tatu. Doa la wino ni gumu. Spiriti huondoa wino, lakini huondoa na rangi ya mkoba pia. Mara nyingi ni heri doa dogo la wino kuliko baka kubwa jeupe.

Usiutumbukize mkoba katika beseni. Usiuanike juani, wala usiuweke karibu na jiko. Ngozi iliyolowa ikipata joto kali hunywea, nyuzi zake hushikamana, nayo hukauka ngumu kama ubao. Ujaze mkoba vitambaa vikavu ili usipoteze umbo, uuweke kivulini penye upepo, na uache siku mbili.

KUONDOA UKUNGU

Ukungu ni adui mkubwa wa ngozi kando ya ziwa, hasa wakati wa masika, tangu Machi hata Mei, na wakati wa vuli, tangu Oktoba hata Desemba. Mbegu zake zimo hewani siku zote, zikingoja unyevu na giza.

Peleka mkoba nje, mbali na chumba cha kulala na chakula. Funga kitambaa puani na mdomoni, kwa sababu vumbi la ukungu hudhuru kifua, hasa cha mwenye pumu. Pangusa kwa burashi ukielekeza upande wa upepo. Kisha changanya spiriti nyeupe ya kusafishia vidonda, iuzwayo katika duka la dawa, sehemu moja, na maji safi sehemu moja. Jaribu kwanza mahali palipofichika. Rangi isipotoka, futa mkoba mzima kwa kitambaa kilichonyeshwa kidogo, nje na ndani, uache ukauke kivulini. Spiriti hushika moto upesi. Usifanye kazi hii karibu na jiko, taa ya mafuta wala mtu avutaye sigara.

Harufu ikibaki, funga makaa makavu katika kitambaa, uyaweke ndani ya mkoba siku tatu au nne, kisha uyatoe. Makaa huvuta harufu na unyevu. Bitana ikiwa yanuka bado, itoe kabisa, kama tutakavyoeleza.

KUSHONA NA KUTIA KIRAKA

Sehemu ivunjikayo kwanza ni pale mkono unaposhikana na mkoba, kwa kuwa uzito wote huning'inia hapo. Usipige gundi peke yake. Gundi hushikilia ngozi wakati unaposhona. Kazi ya kubeba mzigo ni ya uzi.

Toa uzi wa zamani kwa wembe, ukikata juu ya nyuzi tu na si ngozi. Tundu za zamani zikiwa nzima, zitumie hizo hizo, kwa maana kila tundu jipya hupunguza nguvu. Zikiwa zimechanika, tia ndani kiraka cha ngozi kipana kuliko pachakavu kwa upana wa kidole kila upande, ndipo utoboe tundu mpya katika mahali pazima.

Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, nyembamba. Ngoja dakika 10 au 15, mpaka ukigusa haishiki kidole, ndipo uunganishe na kugongagonga kwa nyundo juu ya kitambaa. Ukiunganisha ingali mbichi, haitashika. Fanya hivyo nje au mlangoni. Moshi wa gundi hiyo huumiza kichwa na kuharibu ubongo. Vijana wengi wa mijini wameharibikiwa kwa kuinusa. Mkebe ufungwe mara moja na uwekwe mahali mtoto asipofikia.

Sasa mshono. Kata uzi wenye urefu wa mara nne ya mshono utakaoshona. Tia sindano kila ncha. Pitisha sindano ya kwanza katika tundu la kwanza, uvute mpaka nusu ya uzi iwe upande huu na nusu upande ule. Katika kila tundu linalofuata sindano zote mbili hupita, moja ikitoka kulia na moja ikitoka kushoto, kisha vuta pande zote mbili kwa nguvu sawa. Ukifika mwisho, rudi nyuma tundu tatu, ukate uzi karibu na ngozi. Mshono wa cherehani ukikatika mahali pamoja huweza kufumuka wote. Huu wa sindano mbili una nyuzi mbili zisizotegemeana. Mmoja ukikatika, mwingine hushikilia. Ndio mshono wa watengeneza matandiko ya farasi tangu zamani, na mkono wa mkoba wastahili huo.

ZIPU, BIZIMU NA BITANA

Zipu inayofunga kisha ikaachana nyuma yake, mara nyingi si meno yaliyoharibika, bali kile kikokotwa kimetanuka. Kibane kidogo kwa koleo, upande wa kulia na wa kushoto, kwa uangalifu, kisha ujaribu. Zipu ngumu isugue kwa mshumaa. Jino likiwa limetoka katikati, hapana budi kubadili zipu yote.

Bizimu na pete za shaba zaweza kusuguliwa kwa limau na chumvi, lakini zifunguliwe kwanza, kwa sababu limau likidondoka juu ya ngozi huacha doa. Zile zilizopakwa rangi ya dhahabu tu zisisuguliwe. Ukisugua, dhahabu huondoka na chuma hubaki.

Bitana ya plastiki inayonata haiponi. Ifumue polepole, uitumie kama kigezo cha kukatia kitambaa kipya cha pamba, kama vile marekani. Kishone kwanza kiwe mfuko, ukitie ndani, upinde ukingo, ndipo ukishikize kwenye tundu zile zile za juu. Mkoba wenye bitana mpya safi huuzika upesi, kwa maana mnunuzi kwanza huufungua akatazama ndani.

KULAINISHA NA KUTIA RANGI

Ngozi iliyokwisha kusafishwa yahitaji kurudishiwa mafuta. Watu wengi hutumia mafuta ya kupikia. Hilo ni kosa, kwa kuwa huchacha, hunuka, na huwaita mende na panya. Mafuta ya mgando ya kujipaka hung'arisha siku moja, lakini mengi yake hukaa juu na kukusanya vumbi.

Waweza kujifanyia mafuta mazuri hivi. Chukua nta ya nyuki iliyokunwa kijiko kimoja, na mafuta ya nyonyo vijiko vitatu, yale yatokayo katika mbegu za mbarika. Tia katika mkebe, na mkebe huo usimamishe ndani ya sufuria yenye maji ya moto, mpaka nta iyeyuke. Usiuweke mkebe juu ya moto wenyewe, maana nta hulipuka moto. Koroga hata ipoe. Paka kidogo sana kwa kitambaa, ukizungusha mkono, acha usiku mmoja, kisha sugua kwa kitambaa kikavu. Ngozi iliyokauka sana ipakwe mara tatu kwa siku tatu, kidogo kidogo. Ukiipaka mengi mara moja huwa nzito na nyeusi, na mafuta yaliyozidi hayatoki. Ngozi zenye manyoya laini mfano wa mahameli zisipakwe kamwe. Hizo ni za burashi kavu tu.

Kuhusu rangi, twatoa onyo. Rangi ya viatu ni ya viatu. Kiatu hakigusi nguo, lakini mkoba hukaa ubavuni mwa mtu kutwa. Mama aliyevaa gauni jeupe la kwendea kanisani, akiubeba mkoba uliopakwa rangi nyeusi ya viatu, atarudi nyumbani na baka ubavuni. Mkoba ukipauka, tafuta rangi maalum ya ngozi itumiwayo na mafundi, uipake nyembamba mara mbili, uache ikauke siku nzima, ndipo ufunike kwa mafuta ya nta. Kabla ya kuuza, sugua kwa nguvu kwa kitambaa cheupe. Kitambaa kikichafuka, kazi haijaisha.

HESABU YA FEDHA

Kazi isiyo na hesabu ni mchezo. Tuseme mtu amenunua mkoba kwa shilingi 250. Zipu shilingi 50, kitambaa cha bitana 70, uzi na gundi 60, mafuta 20, nauli 100. Jumla ni shilingi 550. Akiuza kwa 900, faida ni 350. Akiwa ametumia saa tano kwa siku tatu, kila saa imemlipa shilingi 70.

Sasa tuseme amenunua mikoba mitano. Mmoja akiwa mbovu, apata faida ya minne, yaani 1,400, apoteze 250, zibaki 1,150. Miwili ikiwa mibovu, apata 1,050, apoteze 500, zibaki 550. Mitatu ikiwa mibovu, apata 700, apoteze 750, naye amefanya kazi ya juma zima kwa hasara ya shilingi 50. Bei za kwenu zitakuwa mbalimbali na hizi, lakini njia ya kuhesabu ni moja. Hesabu hii yafundisha kwamba faida ya fundi huamuliwa sokoni, kabla hajashika sindano. Dakika tano za kuchunguza ukingo na kukunja pembe zamlipa kuliko saa tano za kusugua.

Hata mkoba uliokufa una kitu. Toa bizimu, pete, zipu nzuri na vipande vya ngozi vilivyo vizima, uviweke kwa kazi zijazo.

KUUZA KWA UAMINIFU

Wako wauzaji wapakao rangi nzito juu ya ngozi iliyooza ili wamtoe mtu machoni. Mnunuzi hufurahi siku saba. Siku ya nane mkono unakatika katika stendi ya matatu, na mle ndani mlikuwa na kitambulisho chake, kadi ya kliniki ya mtoto, na fedha za karo. Hasara ya namna hiyo si ya mkoba tu. Mweleze mnunuzi ulichotengeneza: "Mama, mkono huu nimeushona upya, na bitana ni mpya, doa hili la wino halikutoka." Migori na Homa Bay si miji mikubwa. Jina jema huzunguka soko kwa siku moja, na jina baya kwa nusu siku.

KUUTUNZA

Mkoba usiotumika ujazwe vitambaa, ufungwe katika mfuko wa pamba, uwekwe mahali pakavu penye hewa. Usiufunge katika plastiki, kwani unyevu hukaa ndani na ukungu huota. Utoe nje kivulini mara moja kila juma wakati wa mvua. Upake mafuta mara mbili au tatu kwa mwaka. Usiutundike kwa mkono wake ukiwa umejaa. Ukinyeshewa, ufute na kuukausha polepole kama tulivyosema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mshono mmoja uliolegea, ukishonwa leo, ni kazi ya dakika kumi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini ngozi iliyolowa haianikwi juani?
2. Taja dalili tatu za kutambua ngozi ya kweli bila kutumia moto.
3. Kwa nini mshono wa sindano mbili wapita wa cherehani katika mkono wa mkoba?
4. Mafuta ya kupikia yana ubaya gani kwa ngozi?
5. Mtu amenunua mikoba mitano kwa shilingi 200 kila mmoja. Miwili ni mibovu, na kila mzima umempa faida ya shilingi 300. Je, amebaki na kiasi gani?

Walimu wa madarasa ya watu wazima na viongozi wa vikundi vya akina mama waweza kulisoma somo hili kwa sauti, kisha kila mtu alete mkoba mmoja mbovu, wauchunguze pamoja kabla ya kuanza kushona.